Jodari wa Mombasa alivyotuangusha Embu: Bakteria wa baharini hupanda hadi mlimani

Tulikuwa wanne. Tumetoka Mombasa, macho mekundu kwa kukosa usingizi, mchanga wa ufuo bado umo kwenye viatu, na mkononi tumebeba zawadi ya maana: kilo tatu za jodari. Muuzaji alikuwa ametukatia vipande vinono, vyekundu kama nyama ya ng'ombe. Tukavitia kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, tukamwaga barafu kidogo juu, tukajiona wajanja kweli.

Hesabu ya saa ndiyo hii. Tulinunua saa tano asubuhi. Basi likaondoka saa mbili usiku. Kufikia Mtito Andei barafu ilikuwa imegeuka maji. Nairobi tukafika alfajiri, ndoo imeshakuwa vuguvugu, tukapanda matatu ya Embu. Tulipowasha jiko pale mtaani Dallas, ilikuwa saa saba mchana. Saa 26 tangu yule samaki atoke mezani kwa muuzaji.

Hakuwa ananuka. Tulimwosha kwa ndimu, tukamkaanga hadi akawa kahawia, kisha tukamtia kwenye tui la nazi. Mwenzetu mmoja akasema anamwasha ulimi kama ana pilipili. Tukamcheka, maana pilipili hatukuwa tumetia.

Nusu saa baadaye hakuna aliyekuwa akicheka. Nyuso zilikuwa nyekundu kama za watu walioshinda juani, vichwa vinagonga, mioyo inaenda mbio. Mmoja alijikuna shingo hadi ikavimba. Mwingine alihamia chooni. Kuna aliyeanza kusema kwamba majini ya Pwani yametufuata hadi Embu, na kusema kweli wakati huo sikuona sababu ya kumpinga.

Kwenye kliniki tuliyokimbilia, daktari hakushtuka. Alitaka kujua jambo moja tu: huyo samaki alikaa bila baridi kwa muda gani? Tulipomwambia, akatuandikia dawa za mzio. Kufikia jioni tulikuwa tumetulia.

Nimekuwa nikilifikiria swali lake tangu siku ile. Sisi tulidhani tukipika vizuri tumemaliza kazi. Kumbe kazi ilikuwa imeharibika tangu barabarani.

Moto hauui kila kitu

Kilichotupata kina jina: sumu ya histamini. Jodari, vibua, nguru na jamaa zao wana kiasi kikubwa cha kiini cha protini kiitwacho histidini. Kiini hicho hakina ubaya wowote. Lakini kwenye matamvua na matumbo ya samaki mna bakteria, wengine wakiwa wenyeji wa baharini, na samaki akishakufa bila kupozwa, bakteria hao huigeuza histidini kuwa histamini. Ndiyo kemikali ileile ambayo mwili wako huitoa ukipatwa na mzio. Ndiyo sababu tulivimba na kujikuna ilhali hakuna kati yetu aliye na mzio wa samaki.

Sasa sikiza sehemu inayouma. Bakteria hufa kwa moto. Histamini haifi. Ukaange, uchemshe, uoke, ugandishe, inabaki palepale. Wala haina harufu ya kukuonya. Dalili ya pekee ambayo baadhi ya watu huipata ni ile ladha ya kuwasha ulimi, tuliyoicheka sisi.

Tilapia wa kidimbwini hana histidini nyingi, kwa hivyo hawezi kukufanyia mchezo huu. Lakini usishangilie mapema, kwa sababu kuna bakteria wengine.

Jamii inayotajwa sana katika vyakula vya baharini ni vibrio. Hawa huishi kwenye maji ya chumvi yenye vuguvugu, na hupenda kujificha ndani ya chaza, kome, kamba na kaa. Dunia ilimtambua mmoja wao mwaka wa 1950 mjini Osaka, Japani, baada ya watu 272 kuugua na 20 kufariki kwa kula vidagaa vilivyokaushwa nusunusu. Mtafiti Tsunesaburo Fujino ndiye aliyemnasa mhusika, ambaye leo anaitwa Vibrio parahaemolyticus. Ukimla, tumbo hukata na kuhara huanza, mara nyingi ndani ya saa 24, na wengi hupona baada ya siku tatu hivi.

Tofauti na histamini, huyu moto unamweza. Samaki akiiva hadi ndani, nyama ikawa nyeupe na kuachana na mfupa kwa urahisi, vibrio hana maisha. Shida huja unapokula kibichi au nusu mbichi, au unapokatia kachumbari kwenye ubao uleule uliokatia kamba.

Hesabu ya barafu

Vibrio ni miongoni mwa bakteria wanaozaana kwa kasi sana. Wakipata joto linalowafaa, idadi yao inaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 10. Tuwapunguzie kasi, tuseme ni dakika 20. Ukianza na bakteria 100, baada ya saa moja ni 800. Baada ya saa nne ni zaidi ya 400,000. Basi letu lilikuwa halijafika hata nusu ya safari.

Baridi kali ndiyo huwafunga breki. Nyuzijoto zikishuka hadi 4 au chini yake, vibrio hawazaani, na wale wanaotengeneza histamini huzubaa. Tena hawafi, wamelala tu. Ukitoa samaki kwenye friza na kumwacha juu ya meza kutwa nzima ayeyuke, umewaamsha.

Kutoka Mombasa hadi Embu, kupitia Nairobi, ni zaidi ya kilomita 600. Meru ni zaidi ya 700. Kila kilomita hapo inahitaji baridi. Kwa mtu wa Likoni au Kilindini, samaki wa asubuhi ni kitoweo cha mchana. Kwa mtu wa Makutano, Meru, samaki huyo ameshapita mikononi mwa watu wengi, kwenye magari tofauti, na huenda umeme ulipotea mahali usiku na hakuna aliyekuambia.

Na sisi watu wa mlimani tuna udhaifu wa ziada: samaki hatukuzaliwa naye. Wazee wengi wa Kimeru na Kiembu hawakumla kabisa. Uliza nyanya yako. Mapenzi yetu kwa samaki yamekua majuzi, hasa tangu mwaka wa 2009, serikali ilipoanzisha mpango wa kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140 nchini, na baadaye kikajengwa kiwanda kidogo cha kusindika samaki kule Kanyakine, Imenti Kusini. Upande wa Mbeere nako kuna mabwawa ya Masinga, Kamburu na Kiambere, ambayo wavuvi huyategemea. Leo kijana wa Gakoromone anaagiza samaki na ugali bila kufikiria. Lakini mama wa Pwani humfundisha bintiye kufunua matamvua na kubonyeza nyama kabla ya kutoa pesa. Sisi hatukurithi somo hilo. Inabidi tujifunze ukubwani.

Somo tunalo, liko shambani

Kinachonishangaza ni kwamba hakuna watu nchini wanaoelewa mambo ya kuwahi kama sisi. Angalia muguka wa Mbeere. Mkulima anajua kuwa jani lililochumwa lina saa zake, na zikipita limenyauka na bei imeanguka. Ndiyo maana pikapu hushuka barabarani kama zinafukuzwa, mzigo ufike Mombasa ukiwa bado mbichi. Meru nako miraa hufungwa kwa majani ya migomba ili isikauke. Hakuna aliyehitaji kwenda chuo kujifunza hayo. Hasara ndiyo ilikuwa mwalimu.

Kwa hivyo mzigo unaoshuka tunaulinda kwa kila hali, halafu unaopanda tunautupa kwenye ndoo. Muguka ukinyauka unapoteza pesa. Jodari akipata joto unaweza kupoteza zaidi ya pesa. Na hapa ndipo ninapoona kazi kwa vijana wanaolia hakuna ajira: barafu. Anayeweza kuuza barafu safi, iliyotengenezwa kwa maji yaliyotibiwa, au kukodisha maboksi yanayohifadhi baridi, ana wateja kwenye kila soko lenye mama samaki.

Binamu asiyehitaji bahari

Kuna vibrio mmoja unayemjua hata kama jina hulijui. Ndiye huleta kipindupindu. Anaitwa Vibrio cholerae, na tofauti yake na binamu zake ni kwamba hahitaji chumvi nyingi. Huishi kwenye midomo ya mito, maji ya chumvi yanapokutana na maji baridi, na pia mtoni na ziwani. Mwanasayansi Rita Colwell wa Marekani ndiye aliyechangia pakubwa kuonyesha kwamba bakteria huyu ni mkazi wa majini, akiwa amejishikiza kwenye viumbe wadogo sana wanaoelea. Mwaka wa 2003, yeye na wenzake walichapisha matokeo ya Bangladesh: kina mama walipochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa, visa vya kipindupindu vilipungua kwa asilimia 48. Kitambaa tu. Hicho hakichukui nafasi ya kuchemsha, lakini kinaonyesha jinsi adui anavyosafiri.

Na husafiri kwenda pande zote mbili. Kipindupindu kilichoipiga Zanzibar mwishoni mwa 1869 hakikutoka baharini. Daktari James Christie, aliyekuwa akiishi huko, alifuatilia njia yake na kuandika kwamba kilitoka bara, kikapita nchi ya Wamaasai, kikashuka hadi Pangani kabla ya kuvuka maji. Bara ndiyo iliyoipelekea Pwani.

Fikiria hilo ukiwa umesimama kwenye daraja la Rupingazi, Embu. Maji hayo yanaungana na Thiba na kuingia Tana. Mto Kathita unaopita Meru nao unakatiza Tharaka na kuingia Tana. Tana inapita Garissa, inapita Garsen, inamwagika Bahari Hindi pale Kipini. Choo kinachovuja huku juu ni habari mbaya kwa anayeteka maji huko chini. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliposomba vyoo na visima, kipindupindu kiliripotiwa katika kaunti ya Tana River. Kwa hiyo tunapolalamikia samaki wa Pwani, tukumbuke kwamba Pwani nayo inapokea yanayotoka kwetu.

Kaunti ya Embu yenyewe ilikuwa kwenye orodha ya kaunti zilizokumbwa na mlipuko wa kitaifa wa mwaka wa 2015. Hiyo haikuhitaji bahari wala kaa. Ilihitaji maji machafu na mikono michafu. Samaki wako anaweza kutoka kwenye mafuta akiwa salama kabisa, halafu kachumbari iliyooshwa kwa maji ya ndoo ikakumaliza.

Dalili ni kuhara majimaji meupe kama maji ya mchele, mfululizo, na mtu anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kuishiwa maji. Usisubiri asubuhi. Changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, mgonjwa aanze kunywa huku mkitafuta usafiri wa kwenda hospitalini.

Woga nao una hasara

Najua kuna atakayesoma hadi hapa na kuapa kwamba harudi tena kwa mama samaki. Tulia kwanza. Hayo yameshafanyika, tena kwa kiwango cha nchi nzima.

Desemba 1997, kipindupindu kikisumbua Afrika Mashariki, Muungano wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji. Viwanda vya mbuta kando ya Ziwa Victoria vilipata pigo, na wavuvi wakabaki na nyavu mikononi. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba kufunga biashara si jawabu, kwa kuwa hatari ya kuambukizwa kupitia vyakula kama hivyo ni ndogo na kupika huua bakteria. Zuio liliondolewa katikati ya 1998, lakini mfanyakazi aliyefutwa na boti iliyouzwa havikurudishwa na tangazo.

Yule mama wa kibanda mwenye karai la mafuta jioni hastahili kuadhibiwa kwa bakteria ambao hajui wameingilia wapi. Anastahili mteja anayeuliza maswali na aliye tayari kulipa kidogo zaidi samaki aliyehifadhiwa vizuri. Ukililia bei ya chini kila siku, barafu ndiyo ya kwanza kukatwa.

Kabla ya kuruka majini

Kwa wale wanaopanga Diani au Malindi mwezi wa Desemba, kuna jambo moja zaidi. Vibrio mwingine, Vibrio vulnificus, haingii kwa mdomo pekee. Huingia pia kupitia kidonda kilichokutana na maji ya bahari yenye vuguvugu. Mwaka wa 2017 madaktari wa Marekani walichapisha kisa cha mwanamume wa miaka 31 aliyeogelea Ghuba ya Mexico siku tano baada ya kuchorwa tatuu. Alikuwa na ugonjwa wa ini. Aliambukizwa na hatimaye akafariki.

Visa vya namna hiyo ni nadra, na mtu mwenye afya njema huwa na kinga ya kutosha. Lakini kwa wanaopata maambukizi hayo makali, takriban mtu 1 kati ya 5 hufa, wengine ndani ya siku moja au mbili. Walio hatarini zaidi ni wenye ini bovu, kisukari au kinga dhaifu. Na ini bovu, wacha tusidanganyane, si ugonjwa wa wazee tu katika mitaa yetu. Pombe za vibandani zimewafikia vijana mapema. Kama tatuu yako bado mbichi au mguu una jeraha, kaa mchangani upigwe picha, bahari itakungoja. Kama ini lako lina shida, chaza mbichi si chakula chako, hata kama mwenyeji wako amekukamulia ndimu. Ndimu haiui vibrio. Pilipili haiui. Pombe unayoteremshia haiui pia.

Sasa tufanyeje?

Ukifika sokoni, usianze na bei. Anza na barafu: ipo? Inamzunguka samaki au imewekwa kama pambo? Funua matamvua, yawe mekundu na si ya kijivu. Tazama macho, yawe maangavu na yaliyotuna. Bonyeza nyama, irudi mahali pake. Kama samaki ni jodari, kibua au nguru, historia ya baridi yake ni muhimu kuliko sura, kwa sababu histamini haionekani. Muuzaji asipoweza kukueleza alikotoka na alivyosafirishwa, chukua tilapia wa jirani.

Mnunue mwisho, baada ya sukuma wiki na unga, uende naye nyumbani moja kwa moja. Si umfunge kwenye bodaboda kisha upitie kwa rafiki mpige stori hadi magharibi. Kama huna friji, mpike siku hiyohiyo. Wa kwenye friza ayeyukie ndani ya friji, wala si kando ya dirisha. Ubao na kisu cha samaki visiguse nyanya za kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Na ukionja kitu kinachowasha ulimi ambacho hakina pilipili, tema. Usimcheke mwenzako.

Sisi tulirudi Mombasa mwaka uliofuata. Jodari tulimla hukohuko, ametoka majini asubuhi, mchana yuko kwenye sahani. Nyumbani tukaleta papa mkavu wa chumvi, ambaye hahitaji barafu wala dua. Ile ndoo bado tunayo. Siku hizi tunafulia soksi.